Wifi na Taa Inayokonyeza

Wifi yangu anafundisha udereva. Ukimwona barabarani ndani ya kigari chake chenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, amekaa upande wa abiria, mikono kaikunja, uso umetulia, utasema huyu mama hakuna jambo linaloweza kumtikisa. Mwanafunzi anaingia njia ya lori, yeye anakanyaga breki yake ya upande ule, anasema, "Tuanze upya," basi, safari inaendelea. Huyo ndiye anayejulikana na watu. Mimi, kwa kuwa aliyemwoa ni kaka yangu, namjua na yule mwingine.

Kaka ni fundi wa magari. Mimi nashona viti vya magari, na cherehani yangu iko kwenye banda lililoegemea ukuta wa gereji yake, kwa hiyo anayeingia na anayetoka wote napishana nao macho. Kaka hana maneno mengi. Ukimweleza habari ndefu, jibu lake ni "Mm." Ukimuuliza kama amesikia, "Mm." Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akimsogelea na kumkagua masikio. Wifi aliolewa naye akijua hivyo, na kwa miaka mingi sikumsikia akilalamika, mpaka alipokuja yule mpishi.

Mpishi alikuwa mama wa makamo anayepikia shughuli za watu: harusi, mahafali, mikutano. Alikuwa na gari jeupe lenye mgongo mrefu, na kicheko ambacho kilimtangulia kabla hajafungua mlango. Siku ya kwanza alishuka, akamwangalia kaka na spana yake mkononi, akasema, "Daktari, gari langu linanikonyeza."

Kaka akainua kichwa. "Linafanyaje?"

"Taa ya injini. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Kama mwanaume kwenye kona."

Kaka akacheka. Nilisimamisha cherehani. Kaka yangu kucheka kazini ni jambo la kuandikwa gazetini.

Akamweleza kwa utaratibu, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mpigo. Taa hiyo ikiwaka na kutulia, alisema, gari linakuomba ulilete lipimwe. Endesha taratibu uje. Ila ikikonyeza, kuna silinda haichomi petroli yake. Petroli hiyo inatoka mbichi, inakwenda kuungulia ndani ya kichujio cha bomba la eksozi, na kichujio kikiyeyuka ni hasara nyingine kabisa. "Ikikonyeza, toa mguu kwenye mafuta, sogea pembeni, zima. Usibishane nayo."

"Sibishani na mtu mimi," akasema mpishi.

Kaka akachomeka mashine yake ya kusomea matatizo. Ikasema silinda ya pili inakosa moto. Akatoa plagi, akaziona zimechoka, akaweka mpya, akafuta kumbukumbu ya kosa, akalizungusha gari barabara ya mbele. Likaenda kama maji. Mpishi akashukuru, akaacha keki kwenye mfuko, akaondoka.

Keki ile kaka aliibeba nyumbani. Wifi akauliza imetoka wapi, akajibiwa, "Kwa mteja." Akauliza mteja gani, akajibiwa, "Mm." Alinisimulia mwenyewe kwamba aliapa hataigusa, halafu alipokuwa peke yake jikoni akakata kipande chembamba, kisha kingine. Keki ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Mpishi hakukawia kurudi. Taa imeanza tena. Safari hii kaka alifanya jambo ambalo mafundi hulifanya: alichukua koili ya silinda ya pili, kile kidude kinachoipa plagi moto wake, akakibadilisha na cha silinda ya tatu. Kosa likihamia ya tatu, basi koili ndiyo mgonjwa. Likibaki ya pili, ugonjwa uko kwingine. "Nenda nalo," akamwambia, "ikikonyeza tena, nipigie."

Akapiga. Jioni, wifi anapakua chakula, kaka yuko kwenye sinki ana sabuni mpaka viwikoni, simu ikaita mezani. Kwa kuwa mikono imelowa, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole ili isikike kwa sauti. Nyumba nzima ikasikia: "Daktari! Imeanza tena kunikonyeza!" Na kicheko juu yake.

Kesho yake asubuhi wifi alikuwa bandani kwangu kabla sijatia uzi kwenye sindano.

"Wifi, nani anamkonyeza nani?"

"Taa, wifi."

"Taa gani?"

"Taa ya injini."

"Injini ya nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama, na nikaona mguu wake wa kulia unaikandamiza sakafu, kama afanyavyo garini mwanafunzi wake anapokaribia ukuta. "Na amesema arudi kila ikikonyeza," akasema. "Kaka yako mwenyewe ndiye aliyesema."

"Ndivyo wanavyopima, wifi."

"Ndivyo wanavyopima," akarudia, akaondoka.

Tangu siku hiyo wanafunzi wake wote walianza kujifunzia kugeuza gari mbele ya lango letu. Barabara zote za mji ziko, uwanja mpana uko, lakini kigari cha kibao kilikuwa pale asubuhi, pale mchana, kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, na wifi ndani yake kashusha kioo. Kijana mmoja aliyekuwa anakaribia mtihani aliniuliza kwa unyonge kama kuna siku watafundishwa kwenda moja kwa moja.

Ndipo wifi akayaona mwenyewe. Gari jeupe lilikuwa limerudi, maana mashine ilisema kosa halikuhama, ni silinda ile ile ya pili. Boneti iko juu, injini inaunguruma, kaka kaegemea, kafumba macho, anasikiliza. Kisha akamgeukia mpishi. Linatetemeka kabla ya taa au baada? Likiwa limepoa au limepata moto? Kuna harufu? Sauti ni ya kugonga au ya kukohoa? Na kila mpishi alipojibu, kaka alisubiri mpaka amalize, akatikisa kichwa, akauliza lingine.

Wifi hakupiga kelele. Alimwambia mwanafunzi azime gari, akashuka, akaja bandani, akakaa juu ya kiti cha nyuma cha teksi nilichokuwa nakishona. Macho yalikuwa mekundu.

"Umemsikia? 'Harufu ikoje?' Mimi nililala na homa wiki nzima, hakuniuliza hata kichwa kinauma upande gani."

Nikavuta uzi. Ningesema nini? Ni kaka yangu, na alichosema wifi ni kweli.

"Tena amenyoa," akaongeza. "Katikati ya wiki."

Hilo pia lilikuwa kweli.

Usiku wa siku hiyo walikosana; hayo nayajua kwa sababu kesho yake kaka alikuja kazini bila kifungua kinywa na akachemsha chai kwa kutumia moto wangu. Wifi alimwambia gari lile halina ugonjwa wowote, mgonjwa ni mwenye gari. Kaka akasema mashine haisemi uongo. Wifi akasema mashine haina macho. Mwisho akatoa hukumu yake: ataliendesha yeye mwenyewe, gari hilo hilo, pamoja na mwenye gari ndani, waone kama litamkonyeza na yeye.

Nilidhani ni hasira za usiku, zingepoa. Hazikupoa. Siku chache baadaye mpishi alipita gereji kuuliza kama kuna jipya, kaka katoka kununua vipuri, akamkuta wifi amesimama langoni, amevaa miwani yake ya kazini.

"Mimi ni mke wa fundi," akasema. "Nafundisha udereva. Nataka niliendeshe gari lako mahali linapokusumbua."

Mpishi hakushtuka. Aliangaza uso. "Mungu akubariki, dada. Ila leo nina mzigo, napeleka vitu kwenye mahafali huko juu. Twende hivyo hivyo?"

"Twende hivyo hivyo."

Wifi akanigeukia. "Na wewe panda." Mimi nilikuwa shahidi, na shahidi hachagui siti. Nikabanwa nyuma kati ya masufuria makubwa, mitungi ya gesi, kreti za soda na mafurushi ya mchele, kifuniko kimoja kikinigonga kisogoni kila tulipoingia shimoni.

Wifi alirekebisha kiti, akarekebisha vioo, akafunga mkanda. Barabara ya bondeni tulikwenda vizuri. Gari halikukohoa, taa haikuwaka. Nilimwona usoni kwenye kioo: mtu anayeiona kesi yake inasimama wima. Na mpishi, asiyejua kuwa yuko mahakamani, alikuwa anaongea.

"Mume wako ana kipaji, dada. Anasikiliza yule. Mafundi wengine unamweleza, yeye keshaanza kufungua vitu. Yule anangoja umalize."

"Anangoja umalize nini?" wifi akauliza.

"Kusema."

Vidole vya wifi vilijikunja kwenye usukani. "Ndiyo," akasema. "Ni msikivu sana."

Kisha tukaanza kupanda. Mlima ule ni mrefu, una kona, na pembeni kuna ukuta wa mawe. Wifi akaongeza mafuta. Gari likajikaza, likanguruma, na tulipofika katikati nikahisi sakafu inatetemeka chini ya miguu yangu, kama mtu mwenye baridi. Kifuniko cha sufuria kikaanza kulia. Na pale kwenye dashibodi, ile taa ndogo ya manjano: ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima.

Wifi akatoa mguu kwenye mafuta, akawasha ishara, akasogea pembeni kwenye nafasi pana, akavuta breki ya mkono, akazima. Alifanya kama mtu afundishaye. Lakini hakuondoa mikono kwenye usukani, na aliikodolea macho ile dashibodi iliyozimika kama mtu aliyetukanwa.

"Umeona?" mpishi akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Umeona, dada? Nilishaanza kufikiri hata fundi haniamini. Kila nikilipeleka linakuwa zima. Nilijiona mwongo."

Wifi akashusha pumzi. "Sikukuamini mimi," akasema. Halafu, upesi, kama anayeogopa kuombwa aendelee, akachukua simu. "Njoo mlimani," akamwambia kaka. "Limekonyeza. Njoo na vifaa vyako."

Kaka alikuja na pikipiki, mfuko wa vifaa mgongoni. Alipofungua mlango wa nyuma akanikuta mimi na masufuria, akasimama.

"Haya yote ni ya nini?"

"Ni vitu vyangu vya kazi," mpishi akasema.

"Huwa unabeba hivi? Kila safari?"

"Kila safari. Huku kwenye kumbi za juu ndiko wateja wangu wengi waliko."

"Mbona gereji gari linakuja tupu?"

"Nashusha kwanza nyumbani. Nitakuleteaje gari limejaa masufuria?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilimtazama wifi. Alikuwa amegeukia ukuta wa mawe, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Maswali yote yale, harufu, kukohoa, kupoa na kupata moto, na lile moja halikuulizwa. Ilimpendeza kuliko mkufu wa dhahabu.

Kaka akajikuna shingo. Sasa ilikuwa wazi kwamba gari linaumwa likiwa na mzigo, likiwa linapanda, na yeye alikuwa akilipima tupu kwenye tambarare. Akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, akafungua boneti, akamwambia wifi, "Washa. Kanyaga breki mpaka mwisho, weka gia ya kwendea mbele, halafu lipe mafuta kidogo kidogo. Lisisogee. Nataka nilione linavyovuta."

"Simama pembeni," wifi akasema. "Usisimame mbele yangu."

"Nimesimama pembeni."

"Zaidi."

Akasogea zaidi. Wifi akakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, akatia mafuta kwa wa kulia, taratibu, kama anavyopima mtu chumvi. Mimi na mpishi tulichungulia kutoka upande wa pili. Na tukaiona injini, chuma chote kile, inainuka upande mmoja, inalala, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mafungu ya nyaya yaliyopita juu yake yakavutika yakawa kamba. Gari likaanza kutetemeka.

"Taa!" wifi akaita. "Inakonyeza!"

"Achia!"

Injini ikarudi chini, nyaya zikalegea, mtetemeko ukaisha.

Wifi alipozima, kaka aliingiza mkono akaufuata waya unaokwenda kwenye koili ya silinda ya pili. Raba ya chini inayoshikilia injini upande ule ilikuwa imekatika, ndiyo maana chuma kililala kila kilipopewa kazi nzito. Na kilipolala kiliuvuta waya uliokuwa umeshagusagusa ukingo wa bati kwa muda mrefu. Kwa nje ulionekana mzima. Kaka akaukunja kwa vidole, akakata ganda lake kwa wembe, akatuonyesha. Ndani shaba ilikuwa imegeuka kijani, imebaki inashikana kwa vinywele.

"Kwa hiyo koili haikuwa na kosa," mpishi akasema.

"Haikuwa. Nilibadilisha koili, waya ukabaki pale pale. Ndiyo maana kosa halikuhama." Akautazama waya, kisha akamtazama wifi. "Nisingeuona gereji. Hata mwakani."

"Mm," akasema wifi.

Kaka akaunga waya kwa kipande kipya, akaufunga vizuri, akauachia nafasi ya kucheza mbali na bati. Nusu ya mzigo ikahamishiwa kwenye gari la mwenzake mpishi aliyeitwa kutoka ukumbini. Wakati kaka yuko chini ya boneti anakaza skrubu ya mwisho, wanawake wawili walisimama kando ya ukuta, na mimi nikajifanya napanga masufuria.

"Dada," mpishi akasema kwa sauti ya chini, "najua ulichokuja kutafuta."

Wifi hakukataa.

"Mimi naishi peke yangu. Siku nzima naongea na watu kuhusu sahani ngapi, viti vingapi. Mume wako aliniuliza maswali akasubiri majibu. Nilifurahi, sitakudanganya. Lakini sikuja kuchukua kitu cha mtu."

"Najua," wifi akasema. "Sasa najua. Ila gari likikusumbua tena, nipigie mimi kwanza."

Mpishi akamwangalia, kisha kile kicheko chake kikatoka, kifupi. "Nimekuelewa."

Wakapeana namba.

Kesho yake gari lilishinda gereji. Kaka akabadilisha raba ya injini, akakagua na kile kichujio cha eksozi akakikuta kimenusurika, akafuta kumbukumbu ya kosa. Mchana wakalipakia mzigo, wifi akaliendesha mlima mzima hadi juu, kaka pembeni yake. Taa haikukonyeza. Mpishi alilichukua, akaacha keki mbili safari hii, moja akimkabidhi wifi mkononi.

Mngesema yaliishia hapo. Lakini gereji ilipoa. Kaka alirudia "Mm" zake, akaacha kunyoa katikati ya wiki, akawa anainua kichwa kila gari jeupe linapopita. Niliyaona, na kama niliyaona mimi, wifi aliyaona mara mbili. Jumamosi moja wifi alikaa mbele yake, juu ya tairi kuukuu, mimi nikiwa pale pale na sindano yangu.

"Unamkosa?"

Kaka alifuta mikono kwa muda mrefu. "Simkosi yeye," akasema. "Nilizoea kuitwa daktari."

Nafikiri kama angesema anamkosa mpishi, wifi angejua la kufanya. Hilo la daktari lilimwingia vibaya zaidi, kwa sababu lilikuwa kitu kidogo namna ile, na hakuwahi kukijua. Jioni alijaribu. "Daktari, chai tayari." Kaka akapaliwa.

"Usiniite hivyo."

"Kwa nini?"

"Ukisema wewe, naona kama nimekosea dawa."

Walicheka, lakini nilimwona wifi anapokea kikombe chake na kukizungusha mezani bila kunywa. Kuna jina ambalo mtu mwingine analisema vizuri kuliko yeye, na hakuna gereji ya kulitengenezea hilo. Alianza badala yake kumweleza kaka mambo yake ya siku nzima, mwanafunzi yupi kagonga nini, na akinyamaza tu anamuuliza, "Nimesemaje?" Kaka sasa anajibu. Hajibu vizuri, lakini anajibu.

Na mpishi alitimiza ahadi. Tairi lilimtobokea njiani, akampigia wifi. Wifi akaahirisha somo, akaenda na jeki, akabadilisha gurudumu, akarudi gereji ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaka aliposikia, akasimama wima.

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa na kazi."

"Nuti umezikaza kwa mpangilio? Ya juu, halafu ya mkabala?"

"Nimezikaza."

"Ni vizuri alilete nizikague."

"Halileti," wifi akasema, akaenda kunawa.